Alhamisi ya Kusugua Fedha

Kama kuna jambo Prokhor Savelyevich aliwafundisha watu wa chama cha sarafu cha mji wa Kostroma hadi masikio yao yakachoka, ni kwamba fedha haiguswi. Haisuguliwi, haioshwi kwa sabuni, haipuliziwi hata pumzi na mtu aliyetoka kula kitunguu. Rubli ikiwa nyeusi, iache na weusi wake. Weusi huo ndio umri wake, na anayeufuta anaikata bei kwa mkono wake mwenyewe. Aliyasema haya kila Jumapili katika chumba cha nyuma cha jumba la utamaduni, kidole kikiwa juu, vijana wakikonyezana, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Neno lake lilikuwa muhuri. Mtu wa Moscow akiambiwa kwenye simu kwamba Prokhor ameiona sarafu na amesema haijaguswa, alituma pesa kabla hata ya kuitia machoni.

Ukali wake ulijulikana pia. Miaka michache nyuma, jamaa mmoja anayeitwa Klim aliisugua rubli ya enzi ya malkia Katerina mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi, alipoona aibu akaipaka weusi wa bandia na kuileta sokoni. Prokhor aliishika mara moja, akaigeuza dirishani, akaitoa ile siri mbele ya chama kizima. Klim alilia, akasema mtoto wake alikuwa mgonjwa. Akafukuzwa hivyo hivyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nyumbani Prokhor alikuwa mtu mwingine. Nyumbani alikuwa mzee mwenye nyonga mbovu, ghorofa ya nne, na mkewe Glafira ambaye tangu theluji ya kwanza alikuwa anapotea kidogo kidogo akiwa kwenye kiti chake. Alianza kwa kusahau mahali alipoweka miwani. Akaja kusahau jina la binti yao, kisha akafungua gesi bila kuwasha kiberiti. Mwezi wa pili walimkuta uani na ndala, anamwita ng'ombe ambaye mama yake alimuuza kabla ya vita. Na Prokhor, aliyeishi naye tangu ujana, alikuwa akiitwa naye "daktari" siku nzuri, na "wewe mwizi" siku mbaya.

Binti yao Zinaida alikuwa anafanya kazi mji wa Yaroslavl. Alikuwa mtoto mwema lakini hana maneno laini. Alikuwa amempatia mama yake kitanda katika makao ya wazee ng'ambo ya mto Volga.

"Baba, mimi sibishani tena," alimwambia kwenye simu. "Jumamosi ninakuja na gari. Ukiwa umepata mtu wa kushinda naye kutwa, anayelipwa, anayeeleweka, sawa, mama abaki. Kama huna, anaondoka. Kile kitanda wakikitoa hatukipati tena."

"Nitakuwa nimempata."

"Kwa hela gani?"

"Hela ipo. Ipo kabatini."

Akamsikia binti yake anashusha pumzi. Zina alikuwa amelisikia hilo kabati tangu utotoni.

Lakini safari hii mzee hakuwa anaota. Mkusanyo wake mkubwa ulikuwa umekwisha, sarafu moja baada ya nyingine zikigeuka dawa na pampasi. Ilibaki trei moja tu, na katikati yake rubli ya mfalme mchanga, yule aliyerithi kiti akiwa kwenye nepi, akapinduliwa kabla meno hayajatimia, akamalizia maisha gerezani. Amri ilitoka kila sarafu yenye jina lake irudishwe ikayeyushwe, na aliyekutwa nayo ajue la kufanya na kichwa chake. Zilizosalia ni zile zilizofichwa na wakaidi. Prokhor aliipata ujanani kwa kubadilishana na pikipiki yake, ile yenye kiti cha pembeni ambacho Glafira alipenda kukikalia na kitambaa chekundu kichwani. Glafira alimnunia wiki nzima. Baadaye alizoea kuwaambia wageni, "Huyu mtoto kafiri ndiye amekalia kiti changu," na kucheka.

Rubli ile ilikuwa nyeusi yenye ubuluu kingoni, weusi wa aina yake. Venyamin wa Petersburg, rafiki yake wa sarafu wa miaka na miaka, alikuwa ameitamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi vilevile. Prokhor alimpigia simu akamwambia anaiuza.

"Haijaguswa?" Venyamin aliuliza, kwa desturi tu.

"Unaniuliza mimi?"

"Samahani, ndugu yangu. Ijumaa nipo kwako."

Bei waliyokubaliana ilitosha kumlipa mlezi mwaka mzima na zaidi. Mlezi mwenyewe alikuwa amepatikana, muuguzi mstaafu wa ghorofa ya chini, mama mmoja mnene anayempenda Glafira, ila alitaka kuona pesa kwanza, na nani wa kumlaumu. Kwa hiyo Prokhor alilala Jumatano hiyo akiwa na amani ambayo hakuwa nayo tangu vuli.

Alhamisi asubuhi, Alhamisi ya Usafi, ile kabla ya Pasaka, akaitoa rubli kuiaga. Alikaa nayo dirishani, akaitazama, akaona haya kidogo kwa jinsi roho ilivyomuuma, maana mke ni mke na chuma ni chuma. Halafu akakumbuka hakuna hamira wala zabibu za mkate wa Pasaka. Glafira alikuwa amelala. Akairudisha rubli kwenye trei, akavaa koti, akatoka. Trei ikabaki juu ya meza.

Hilo ndilo kosa. Mtu aliyefunga kabati lake kwa ufunguo maisha yake yote, siku moja anaacha wazi kwa sababu moyo umejaa. Nyonga ikamchelewesha ngazini, na foleni ya hamira ilikuwa ndefu kama kawaida ya siku ile, kila mwanamke wa mtaa akiwa na kikapu.

Aliporudi alisikia mtu anaimba. Alisimama mlangoni na koti lake. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu mwaka uliopita.

Jikoni kulikuwa kumepigwa deki. Mapazia yalikuwa yameshushwa yakaloweshwa. Sufuria ya mayai ilikuwa inachemka na maganda ya vitunguu, na mayai yameshaanza kuwa mekundu kama matofali. Glafira alikuwa amejifunga kilemba cheupe, mikono yake imepauka kwa poda ya meno, na mbele yake kwenye gazeti zilikuwa zimepangwa sarafu zote za trei ile, nyeupe, zinametameta, kila moja inawaka kwa mng'ao.

"Prosha!" akasema. Alimwita jina. Prosha, jina la uchumba. "Umechelewa, mume wangu. Umeona? Nimekumalizia kazi. Hivi huoni haya kukaa na fedha nyeusi ndani siku kama ya leo? Mama yangu angekuwepo angenipiga na mwiko. Fedha nyeusi Pasaka ni aibu ya mke, si ya mume."

Prokhor alisogea mezani. Alitafuta kwa macho ile moja.

"Unamtafuta mtoto kafiri? Yumo humu." Akaonyesha beseni la maji. Rubli ya mfalme mchanga ilikuwa chini ya maji, inang'aa kama kijiko kipya. "Njoo unawe. Maji ya fedha, jua halijapanda sana bado, tutasamehewa. Njoo, acha kusimama kama mgeni."

Kila mtu wa kule anaijua desturi hiyo: Alhamisi ya Usafi unanawa, kabla jua halijachomoza, maji yaliyolala na fedha, mwaka mzima usiugue. Na kila nyumba inasugua fedha yake siku hiyo, vijiko, misalaba, vikombe. Glafira alikuwa amesahau jina la mwanawe lakini hilo halikumtoka. Mikono yake ilikuwa inakumbuka kuliko yeye.

Prokhor akainama. Glafira akamchotea maji kwa kiganja akamnawisha uso, mara moja, mara nyingine, kama mtoto, akimsugua nyuma ya masikio na kumcheka nywele zake zilivyobaki chache. Prokhor alikuwa analia, na maji yakamsitiri. Alilia kwa ajili ya rubli, asidanganye mtu. Lakini alilia pia kwa sababu mkewe alikuwa amerudi, na alijua ni wa muda tu, na alikuwa na hasira kali juu yake na upendo mkali juu yake, vyote kwa pamoja, na hakujua ashike kipi.

"Asante, Glasha," alisema mwishowe. "Zimekuwa nzuri sana."

"Si nilikwambia? Sasa nipe hiyo hamira."

Walikanda mkate pamoja. Alipomaliza kuupaka juu sukari nyeupe, Glafira alikaa kitini, macho yakaanza kuondoka tena, na saa nane mchana alimwita mumewe "daktari" tena. Akalala.

Prokhor akaichukua rubli na kioo chake cha kukuzia. Uso wa mtoto ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo inayozunguka, mamia kwa mamia, njia ya kitambaa cha Glafira. Alikaa nayo muda mrefu.

Hapa ndipo ningependa kumshika mkono yule mzee. Simu ilikuwa pale ukutani. Ilikuwa suala la kuinua mkono na kusema, Venyamin, mambo yameharibika, mke wangu kaisugua. Mtu angefoka, angetukana, angekata simu, angepiga tena. Lakini Prokhor alikuwa amekaa miaka mingi sana juu ya kiti cha hakimu, na aliyekaa huko hajui kushuka. Alijiona anatamka neno "imesuguliwa" kwa kinywa chake mwenyewe, na mwili wote ukamkataa. Kisha akamwona akilini Zina na gari lake.

Kwenye bakuli mayai yalikuwa tayari. Yeye ndiye aliyewafundisha watu jinsi ya kuitambua fedha iliyofukizwa kwa yai ili iwe nyeusi, kwa hiyo alijua inafanyikaje. Kiini cha yai la moto, kilichopondwa, kwenye chupa pana yenye mfuniko, sarafu imetundikwa juu yake bila kugusana. Unaweka karibu na joto. Alimenya mayai mawili ya Pasaka ya mkewe, akaponda. Kwanza rubli ilikuwa ya dhahabu, ikawa ya zambarau, ikawa kahawia. Alipaswa kuitoa pale. Lakini alitaka iwe kama ilivyokuwa, nyeusi yenye ubuluu, akangoja, na alipoitoa ilikuwa nyeusi kweli, nyeusi tii. Aliiosha, akaikausha, akaifuta kwa kidole kwenye sehemu za juu kama miaka inavyofuta. Ilipendeza. Hilo ndilo lililomtisha, jinsi alivyokuwa hodari.

Venyamin alifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, na koti refu na mkoba wa ngozi, akahema ngazi zote nne akizitukana.

"Wewe mzee unakaa mbinguni kabisa! Nikifa ngazini, nani atainunua?"

"Utafufuka Jumapili. Kaa."

Walikunywa chai kavu, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa ya mfungo. Glafira alikuwa chumba cha pili. Venyamin alitoa bahasha nene, akaiweka mezani kabla hata hajaomba kuiona sarafu, na akaisukuma mpaka karibu na kikombe cha Prokhor.

"Hesabu, halafu nionyeshe huyo mtoto. Pesa nusu yangu, nusu ya mshirika wangu. Alisema tupeleke kwanza kwa mtaalamu, nikamwambia, mtaalamu wa nini? Prokhor amesema."

Prokhor alipaswa kusema hapo. Mdomo ulifunguka. Akasema, "Karibu uitazame."

Venyamin aliipokea kwenye kiganja kama anayepokea kifaranga, akaenda nayo dirishani akitabasamu. Alitoa kioo chake, si kwa kukagua, kwa raha tu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni limesahauliwa huku macho yakifanya kazi. Akaigeuza upande wa pili. Kisha akaipeleka puani.

"Prokhor," alisema bila kugeuka. "Mikwaruzo iko chini ya weusi."

Prokhor alikisogeza kikombe chake mbali na bahasha.

"Inanuka yai, ndugu yangu."

Mlango ukafunguka. Glafira aliingia na kilemba chake kimekaa upande, akamwangalia mgeni bila kumjua, akaangalia mkononi mwake, na uso ukawaka hasira.

"Nani kaichafua tena hii? Jana tu nimeisugua na poda ya meno, mikono imeniuma! Kila kitu ndani ya nyumba hii ni kuchafua, kuchafua." Akaondoka akinung'unika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Venyamin aliirudisha rubli mezani taratibu sana.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Maskini. Na wewe ukaona unifiche mimi."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Ulikuwa na simu!" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa ajili ya aliye chumba cha pili. "Ungenipigia ukasema Glafira kaisugua, ningetukana, halafu ningekuja. Rubli ya mtoto iliyosuguliwa bado ni rubli ya mtoto. Zipo ngapi duniani? Bei ingeshuka, lakini ungepata pesa ya kukuvusha mwaka. Poda ya meno inakwaruza tu, Prokhor. Wewe ndiye umeifukiza na salfa ya mayai mpaka ikala uso. Tazama pua yake. Pua haipo."

Prokhor akatazama. Pua ya mfalme haikuwepo. Kwa siku nzima hakuliona hilo, kwa sababu alikuwa anautazama weusi.

"Ichukue kwa bei yoyote," alisema. Alijisikia sauti yake na hakuitambua. "Venya, ichukue kwa bei ya kijiko. Kesho wanamchukua Glafira."

Venyamin alifumba macho. Ukweli usemwe, aliumia. Alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma hiyo ilikuwa inapigana waziwazi usoni pake.

"Nusu ya pesa si yangu. Iliyosuguliwa ningemwelewesha. Iliyofukizwa, na jina lako juu yake, nitamwambia nini? Na zile nyingine zote nilizonunua kwa neno lako, ataniuliza. Hata mimi najiuliza." Akaichukua bahasha. Akatoa pesa za mfukoni mwake, chache, akaziweka kwenye sahani ya mkate. "Hizi ni za Glafira. Si za sarafu."

Mlangoni aligeuka.

"Klim naye alikuwa na mtoto mgonjwa," alisema, bila ukali, kama mtu anayekumbuka tu. Kisha hatua zake zikashuka ngazi zote nne, polepole, bila matusi.

Prokhor alimpelekea mama wa ghorofa ya chini zile pesa za sahani. Zilitosha wiki mbili. Mama yule alizirudisha mkononi mwake akazikunja na vidole vyake, akasema Mungu ni mkubwa, kisha akafunga mlango kwa upole.

Jumamosi Zina alifika na macho mekundu ya barabara. Hakuuliza mara moja. Alikusanya nguo za mama yake, soksi za sufu, picha ya Mtakatifu Nikola, akazipanga kwenye sanduku, na mwishoni akauliza akiwa amempa baba yake mgongo.

"Ile ya kabatini?"

"Hakununua."

"Ilikuwa feki?"

Prokhor aliwaza kumweleza. Lakini kumweleza kungekuwa kumwekea Glafira poda ya meno mikononi, na yeye mwenyewe yai, na binti angelazimika kupima nani alifanya nini. Afadhali aamini ni upuuzi wa mzee.

"Ndiyo," akasema. "Feki."

"Maisha yote, Baba," Zina alisema, na sauti ikakatika. "Pikipiki. Viatu vyangu vya shule. Maisha yote." Hakuendelea, akafunga sanduku.

Glafira alikuwa amevaa tayari. Alikuwa na mtandio wake wa maua na kikapu, na ndani ya kikapu mkate wa Pasaka na mayai mekundu yaliyobaki, yamefunikwa kwa kitambaa safi. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ile watu wanapeleka mkate kanisani ukabarikiwe. Barabara nzima ilikuwa imejaa wanawake wenye vikapu. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliingia kwenye gari, akaweka kikapu magotini, akawa anawapungia wenzake kwenye dirisha.

Barafu ya Volga ilikuwa inakatika chini ya daraja. "Kanisa liko huku?" aliuliza mara moja tu, na Prokhor akamjibu liko huku.

Kwenye makao aliwapokea muuguzi kijana mwenye koti jeupe. Glafira aliposhuka na kumwona, alifunua kitambaa cha kikapu, akakinyanyua mbele yake kwa mikono miwili, na akainamisha kichwa kama mbele ya padri, anasubiri kunyunyiziwa maji ya baraka. Muuguzi alimtazama Zina, Zina akatazama chini. Yule kijana akasimama sekunde kidogo, halafu akaweka mkono wake juu ya mkate. Kwa hilo Mungu ambariki.

Glafira alifanya ishara ya msalaba. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Akamkabidhi Prokhor kikapu.

"Haya, tangulia nyumbani, Prosha, ukaandae meza," alisema. "Mimi nabaki kwa ibada. Usiku mrefu huu, nyonga yako haitaweza. Asubuhi nitakuja, usianze kula bila mimi."

Prokhor alisema hataanza. Glafira akamrekebishia kola ya koti, akamwacha, akaingia ndani na yule mwenye nguo nyeupe bila kugeuka nyuma, kwa sababu hakuwa na sababu yoyote ya kugeuka.